Mbegu na shamba: shajara ya kuchora nasaba za Jua na Mwezi

Februari 2

Nimefungua faili leo. Kazi ni kuchora kwa Kiswahili mti mmoja wenye nasaba mbili za wafalme wa maandiko ya Kihindu: Nasaba ya Jua, Suryavamsha, yenye makao yake Ayodhya, na Nasaba ya Mwezi, Chandravamsha, ambayo watoto wake ndio wanaouana katika Mahabharata, utenzi mkuu wa vita. Juu kabisa pawe na kuumbwa kwa ulimwengu. Chini kabisa wawepo wafalme ambao hata mwanahistoria mbishi anawakubali. Nikimaliza nitauchapisha kwenye kitambaa cha kutundika ukutani.

Sababu yangu haina utukufu wowote. Kila ninaposimulia kisa cha Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, au cha wale ndugu watano Pandava wa Mahabharata, mtu huniuliza "huyu ni nani kwa yule?", nami huishia kuchora mistari nyuma ya risiti.

Vitabu vilivyo mezani ni Vishnu Purana (kitabu chake cha 4 ni nasaba tupu), Bhagavata Purana kitabu cha 9, Mahabharata kitabu cha 1 na Ramayana ya Valmiki kitabu cha 1. Kisanskriti changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo ninategemea tafsiri za Kiingereza, ile ya Wilson ya mwaka 1840 kwa Vishnu Purana, na kurudi kwenye mistari ya asili panaponitatiza.

Purana ni vitabu vya kale vya visa vya Kihindu, na zilizo kubwa ni 18. Zenyewe zinasema Purana kamili ina mambo matano: uumbaji, uumbaji upya baada ya maangamizi, nasaba, zama za akina Manu (mababu wa wanadamu, mmoja kwa kila zama), na habari za wafalme wa nasaba hizo. Kwa watunzi, basi, kuumbwa kwa nchi na orodha ya wafalme vilikuwa mzigo mmoja, na ndiyo maana sianzii kwa Rama.

Jedwali lina safu tano: jina, baba, mama, nasaba, kitabu. Programu ya kuchora miti ya ukoo italisoma na kuchora yenyewe. Nimejipa wiki mbili.

Februari 5

Mstari wa kwanza umenishinda.

Nilidhani nitaandika "Brahma", mungu muumbaji, na kusonga mbele. Lakini Rigveda, kongwe kuliko Purana zote, ina nyimbo 1,028, na ndani ya kitabu chake cha 10 peke yake nimekuta mianzo mitatu isiyojuana. Wimbo wa 121 unamtaja Hiranyagarbha, kiini cha dhahabu, aliyezuka mwanzo akawa bwana pekee wa vilivyopo. Wimbo wa 90 unamtaja Purusha, mtu mwenye vichwa elfu, macho elfu na miguu elfu, ambaye miungu walimtoa kafara. Akilini mwake ukatoka mwezi, jichoni jua, katika pumzi yake upepo. Kinywa chake kikawa makuhani, mikono yake watawala, mapaja yake watu wa kawaida wenye mali, nyayo zake watumishi. Wimbo wa 129 hautaji mtu. Unasema wakati ule hakikuwepo kisichokuwepo wala hakikuwepo kilichokuwepo, unauliza maji yalikuwepo au la, unaendelea kuuliza, na mwisho unasema yule anayeangalia haya yote kutoka mbingu ya juu ndiye ajuaye, au pengine hata yeye hajui.

Hebu liweke hilo kwenye safu ya "baba".

Februari 6

Programu imegoma kwa mara ya kwanza. Niliingiza mstari kutoka wimbo wa 72 wa kitabu hichohicho: mungu Daksha alizaliwa na mungu wa kike Aditi, na Aditi alizaliwa na Daksha. Jibu: mtu hawezi kuwa mzazi wa mzazi wake. Nikajaribu Purusha na Viraj wa wimbo wa 90. Kwa Purusha alitoka Viraj, na kwa Viraj akatoka Purusha. Jibu lilelile, safari hii kwa herufi nyekundu.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mshairi wa miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita alijua fika kwamba mtoto hamzai mama yake. Aliandika hivyo kwa makusudi.

Februari 9

Siku nzima nimekaa na Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la falsafa, ingawa haina mfalme hata mmoja wa kunisaidia. Mwanzoni ilikuwepo Nafsi peke yake, kwa umbo la mtu. Akatazama, hakuona mwingine ila yeye. Akaogopa, ndiyo maana aliye peke yake huogopa. Kisha akawaza: nitaogopa nini na hapana mwingine? Woga ukamwisha, lakini raha hakupata. Basi akajigawa vipande viwili, mume na mke, wakazaa watu. Mke akajiuliza itakuwaje mtu huyu alale nami ilhali amenitoa katika nafsi yake, akajificha kwa kugeuka ng'ombe. Mume akageuka fahali. Akageuka farasi jike, naye farasi dume. Wakaendelea hivyo mpaka kwa sisimizi.

Nimekiweka hapa kwa sababu kesho au keshokutwa nitakutana tena na mtu anayebadilika umbo, na swali la mke huyu ("amenitoa katika nafsi yake") halitakoma kurudi.

Februari 14

Wiki mbili ndizo hizo zinaisha, mti hauna shina.

Leo nimepambana na muda. Nilitaka mstari wa miaka pembeni mwa mti, kama walivyo navyo watu wa vitabu vya shule. Hesabu ya Purana kwa yuga nne, yaani zama za dunia, ni hii: Kali yuga miaka 432,000, Dvapara mara mbili yake, Treta mara tatu, Krita mara nne. Jumla miaka 4,320,000. Mizunguko elfu moja ya namna hiyo ni mchana mmoja wa Brahma, yaani miaka bilioni 4.32, na usiku wake ni urefu uleule. Katika mchana mmoja hupita akina Manu 14, kila mmoja na zama zake. Sisi tuko chini ya Manu wa 7, Vaivasvata, mwana wa Jua. Kali yuga yetu, kwa hesabu ya jadi, ilianza mwaka 3102 K.K.

Kwa kipimo hicho, kama kitambaa chote cha mita 2 ni mchana mmoja wa Brahma, Kali yuga nzima, pamoja na kila mfalme aliyewahi kuchimbuliwa na mtu yeyote, inachukua chini ya robo ya milimita.

Nimefuta mstari wa miaka. Vilevile nimeamua kuhusu mstari wa kwanza: mti utaanza kwa Manu Vaivasvata, na juu yake patakuwa na ukanda wa rangi tupu usio na mistari ya kuunganisha, wenye maji, yai la ulimwengu, Purusha, Hiranyagarbha na swali la wimbo wa 129, vyote vikielea. Uumbaji ambao umetokea mara nyingi na utatokea tena hauwezi kuwa babu wa mtu. Najua msomaji wa Bhagavata Purana atanilaumu, kwa kuwa kitabu chake kinamfikisha Manu kwa Brahma vizuri tu: Brahma, Marichi, Kashyapa, Vivasvat ambaye ni Jua, kisha Manu. Nitaiweka njia hiyo kwa nukta nukta.

Februari 17

Manu. Mti una shina!

Shatapatha Brahmana, kitabu cha kale cha mambo ya kafara, inasimulia hivi: asubuhi moja Manu ananawa mikono, samaki mdogo anaingia kiganjani. Anamwambia, nilee, nami nitakuokoa na gharika. Anamlea kwenye chungu, kisha shimoni, kisha baharini. Gharika inapokuja anafunga kamba ya chombo chake kwenye pembe ya samaki na kuvutwa mpaka mlima wa kaskazini. Viumbe vyote vimekwisha, amebaki peke yake. Anamwaga majini sadaka ya samli, maziwa yaliyoganda na mtindi, na baada ya mwaka anatoka mwanamke, samli ikijikusanya nyayoni mwake. Miungu Mitra na Varuna wanakutana naye njiani: wewe ni nani? Binti wa Manu. Sema u wetu. Na hapo kitabu kinasema aliweza kuwa alikubali, aliweza kuwa hakukubali, ila alipita akaenda zake.

Jina lake Ida. Katika Purana anaitwa Ila, na huyo ndiye aliyenigharimu siku tatu.

Februari 20

Kisa cha Ila kwa mujibu wa Vishnu Purana. Manu anafanya kafara kwa Mitra na Varuna apate mwana wa kiume. Kuhani anakosea utaratibu, anazaliwa binti, Ila. (Bhagavata inaongeza kwamba kosa halikuwa bahati mbaya: mke wa Manu, Shraddha, alikuwa amemnong'oneza kuhani kwamba yeye anataka binti.) Kwa neema ya miungu binti anageuzwa mwanamume, Sudyumna. Baadaye, kwa laana ya mungu Shiva, anakuwa mwanamke tena. Bhagavata inasema aliingia msitu ambao Shiva alikuwa akistarehe na mkewe, na kila mwanamume aliyekanyaga pale aligeuka. Akiwa mwanamke anatangatanga karibu na makao ya Budha, mwana wa Mwezi. Wanapendana, anazaliwa Pururavas. Kisha anarudishiwa uanaume, na kama Sudyumna anazaa wana wengine watatu.

Programu ina kisanduku cha jinsia chenye chaguo mbili na hakibadiliki baada ya kuhifadhi. Nilijaribu kumwandika mara mbili, Ila mmoja na Sudyumna mwingine, nikaona nimewagawa ndugu wa tumbo moja kuwa binamu. Nikajaribu kumwacha Sudyumna tu. Pururavas akabaki bila mama. Halafu nikafungua Mahabharata kitabu cha 1, nikakuta mstari unaosema kuwa Ila alikuwa kwake mama na baba pia, "ndivyo tulivyosikia".

Ndivyo tulivyosikia! Mtunzi ameliona tatizo langu, ameliandika kwa maneno machache, ameendelea na safari.

Nikakaa nikajiuliza kisa hiki kipo kwa faida ya nani. Tazama matokeo yake. Nasaba ya Jua inashuka kwa Ikshvaku, mwana wa kiume wa Manu, bila wasiwasi. Nasaba ya Mwezi kwa baba ni ya Mwezi, haimfikii Manu kabisa. Ni Ila peke yake anayeifunga kwa Manu, na ili aweze kuifunga lazima awe mwanamke kwa muda. Vishnu Purana haifichi: kwa kuwa Sudyumna aliwahi kuwa mwanamke, hakupewa sehemu katika ufalme wa baba yake, ila mhenga Vasishtha alimshauri Manu, akapewa mji wa Pratishthana, naye akampa Pururavas. Mji huo kwa jadi ni pale Jhusi, ng'ambo ya mto Ganga kutoka Prayagraj. Kwa hiyo kisa cha kubadilika umbo ni pia kisa cha mirathi. Jamaa wa Mwezi walitawala, hilo watu waliliona kwa macho, na mtu alitakiwa aeleze wametokea mlango gani.

Februari 22

Siku nyepesi. Ikshvaku, babu wa Nasaba ya Jua, alitoka puani mwa Manu alipopiga chafya. Safu ya mama: tupu. Mandhatri: baba yake Yuvanashva aliamka usiku na kiu, akanywa maji yaliyoombewa ili mkewe apate mimba, mimba ikamshika yeye, mtoto alitoka ubavuni, wa kulia kwa Vishnu Purana, wa kushoto kwa Mahabharata. Safu ya mama: tupu. Mithi wa nasaba ya Videha: makuhani waliusukasuka mwili wa baba yake Nimi, aliyekwisha kufa, kama mtu asukavyo maziwa kutoa siagi. Tupu.

Mfalme Sagara ana wana 60,000 kwa mke mmoja na mwana mmoja kwa mke mwingine. Nimewapa wale 60,000 kisanduku kimoja. Wote waliunguzwa kuwa majivu kwa jicho la mhenga Kapila, na nasaba ikaendelea kwa yule mmoja, hadi kwa Bhagiratha aliyeuteremsha mto Ganga kutoka mbinguni ili majivu yale yapate kuoshwa.

Februari 26

Kutoka chini kwenda juu upande wa Mwezi. Budha, yule aliyempenda Ila, ni mwana wa Soma, Mwezi, na Tara. Lakini Tara ni mke wa Brihaspati, mwalimu wa miungu. Soma alimnyakua, ikawa vita baina ya miungu na asura, mahasimu wao. Brahma akaamua mke arudi kwake. Akarudi na mimba. Mtoto alipozaliwa alikuwa mzuri kiasi kwamba wanaume wote wawili wakasema ni wake. Tara aliulizwa na miungu akanyamaza. Brahma alipomuuliza akajibu kwa aibu: wa Soma.

Programu inaruhusu baba wawili ikiwa mmoja ni "wa kambo". Brihaspati si wa kambo. Nimemwacha nje ya mstari, na tayari najua nitamrudia.

Machi 3

Yayati, na hapa nitaandika kirefu.

Pururavas anamzaa Ayus, Ayus anamzaa Nahusha, Nahusha anamzaa Yayati. Yayati ana wake wawili: Devayani, binti wa kuhani Shukra, aliyemzalia Yadu na Turvasu, na Sharmistha, binti wa mfalme wa asura, aliyechukuliwa kwa siri na kumzalia Druhyu, Anu na Puru. Shukra anagundua siri na kumlaani mkwewe: uzee umpate papo hapo. Anamruhusu tu kuubadilisha uzee huo na mtu atakayekubali. Yayati anawaomba wanawe kwa zamu, kuanzia mkubwa. Wanne wanakataa, kila mmoja analaaniwa. Puru, wa mwisho, anakubali. Baba anakula ujana wa mwanawe miaka elfu, anagundua kwamba tamaa haishibi bali huwaka kama moto uliotiwa samli, anaurudisha ujana na kumpa Puru ufalme. Watu wa mji wanalalamika: vipi mdogo atawale na mkubwa Yadu yupo? Yayati anajibu kwamba mwana asiyemtii baba si mwana.

Uzuri wa kisa unaonekana ukirudi Rigveda. Majina yote matano yamo, hata katika wimbo mmoja, 1.108: akina Yadu, Turvasha, Druhyu, Anu na Puru. Ila mle ni makabila. Yanapigana, yanaungana, yanavuka mito. Hakuna anayewaita ndugu wala hakuna Yayati anayewazaa. Karne nyingi baadaye makabila matano yamekuwa wana watano wa baba mmoja, kwa wake wawili wasio sawa hadhi, na ugomvi wa nani mkubwa umepata jibu nyumbani kwa mzee.

Nimebadilisha rangi za mti. Nyeusi kwa uzao wa kawaida, kahawia kwa mahali ambapo naamini kabila limegeuka mtu. Hiyo ni hukumu yangu, nitaiandika pembeni.

Machi 10

Rama ana babu wangapi?

Ramayana inaeleza. Mjini Mithila, kabla ya harusi ya Rama na Sita, Vasishtha anasimama mbele ya mfalme Janaka, baba wa Sita, na kuitaja nasaba ya bwana harusi kizazi kwa kizazi, kisha Janaka anaitaja ya bibi harusi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ni posa hiyo, wazee wameketi, wanataka kujua mlango. Nimehesabu kutoka Ikshvaku hadi Rama: 35. Kiswahili chetu kina mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na hapo maneno yanaisha.

Purana zina karibu 60 kwa njia ileile. Wafalme kadhaa mashuhuri, Harishchandra mmojawapo, hawamo kabisa kwenye posa ya Vasishtha. Raghu katika Ramayana yuko vizazi 12 juu ya Aja. Kwa mshairi Kalidasa, na kwa Purana, Raghu ndiye baba mzazi wa Aja. Lililonifanya nisimame na kwenda kuchemsha chai ni hili: vizazi vitano tu juu ya Rama, kwenye Nasaba ya Jua, Vasishtha anataja Nahusha, mwanawe Yayati. Nahusha na Yayati haohao wa Mwezi, baba na mwana wakiwa wameshikana mikono, wamehamia nyumba ya jirani.

Hakimu wa Mahakama Kuu ya Calcutta, F. E. Pargiter, alitumia miaka mingi kulinganisha orodha hizi na mwaka 1922 akatoa jedwali lake la karibu vizazi 95 kutoka Manu hadi vita vya Mahabharata. Orodha ya Ramayana aliiona mbovu, akaziamini Purana. Hoja yake ina nguvu, kwa sababu Purana nyingi zinakubaliana. Lakini kukubaliana kwa mashahidi walionakiliana si ushahidi mwingi. Nimechora matawi mawili sambamba, la posa na la Purana, bila kuyaunganisha mpaka kwa Dasharatha, baba wa Rama. Yanaonekana mabaya. Yatabaki hivyo.

Machi 15

Nimepata! Na nimepata mahali ambapo mti ulivunjika kabisa.

Mfalme Shantanu wa Hastinapura, wa uzao wa Puru, Bharata na Kuru, anamwoa Satyavati, binti wa mkuu wa wavuvi. Mzee wa wavuvi anataka kiapo kuwa wajukuu wake watarithi, na mwana mkubwa wa Shantanu, Bhishma, anaapa kutotawala na kutooa maisha yake yote. Satyavati anazaa wana wawili. Wote wanakufa bila mtoto, Vichitravirya wa mwisho akiacha wajane wawili. Nasaba ya Mwezi imekatika.

Satyavati anamwita mwanawe aliyemzaa kabla ya ndoa na mhenga Parashara. Huyo ni Vyasa. Anaingia kwa wajane: mmoja anafumba macho kwa woga, anazaliwa Dhritarashtra, kipofu, wa pili anakuwa mweupe kwa hofu, anazaliwa Pandu, mweupe. Kisha Pandu analaaniwa kwamba akimgusa mke atakufa, na wanawe watano wanazaliwa na miungu. Kwa hesabu ya damu, ukimtoa Bhishma mzee, warithi wanaogombea ufalme katika vita vya Mahabharata hawana tone moja la Shantanu. Na kitabu chenyewe kinawaita Bharata na Kuru, bila kigugumizi.

Jibu limo katika sheria za kale. Mtoto wa namna hii anaitwa kshetraja, aliyezaliwa shambani. Manusmriti, katika sura ya 9, inajadili kwa urefu: mbegu ni ya nani na shamba ni la nani? Mpandaji akitupa mbegu katika shamba la mwenziwe bila mapatano, mavuno ni ya mwenye shamba. Vyasa ni mbegu. Vichitravirya, ingawa amekufa, ni mwenye shamba.

Nimeifuta safu ya "baba". Mahali pake nimeweka safu mbili: mbegu na shamba. Kisha nikarudi juu kabisa, mstari kwa mstari. Budha: mbegu Soma, shamba Brihaspati. Yudhishthira: mbegu Dharma, shamba Pandu. Arjuna: mbegu Indra, shamba Pandu. Pururavas: mbegu Budha, na Ila akaingia kama mama na kama mrithi wa Manu kwa pamoja. Programu imelalamika mara moja tu, kwa Daksha na Aditi, nao nimewapeleka kwenye ukanda wa juu pamoja na yai.

Sidhani niliwahi kufurahia jedwali kiasi hiki.

(Mtu atasema mwenye shamba ni neno la kumfanya mke udongo. Ni kweli, ndivyo sheria ile ilivyosema, na sitaipaka asali. Lakini angalia mara ngapi ni mwanamke anayeamua: Shraddha anayenong'ona, Tara anayetaja jina, Satyavati anayemwita Vyasa, Kunti, mke wa Pandu, anayejua maneno ya kuita miungu.)

Machi 21

Sehemu ya chini. Baada ya vita: Arjuna, Abhimanyu, Parikshit, Janamejaya. Hapo Purana zinafanya jambo la ajabu la sarufi. Vitenzi vyote vinageuka wakati ujao. Msimulizi anadai kuzungumza zamani sana, hivyo wafalme waliokwisha kufa wanatangazwa kama utabiri: atakuja Mahapadma Nanda, mwana wa mwanamke wa tabaka la chini, atakayewamaliza watawala wote wa jadi, watakuja Maurya 10 kwa miaka 137, watakuja Shunga 10 kwa miaka 112, Kanva wanne kwa miaka 45.

Tangu Parikshit azaliwe mpaka Nanda atawazwe, Vishnu Purana inasema miaka 1,015, Matsya 1,050, Bhagavata 1,115. Mwandishi aliyechoka alipindisha tarakimu mahali fulani. Nimeandika zote tatu.

Katika Maurya yupo Chandragupta miaka 24, Bindusara 25, Ashoka 36. Basi. Ashoka katika Purana ni jina na tarakimu, hana sifa wala kisa. Mawe yenye amri zake yalisimama kote India yakiwa hayasomeki, mpaka James Prinsep alipoyafumbua maandishi ya Brahmi mwaka 1837, akamkuta mfalme anayejiita Piyadasi. George Turnour, aliyekuwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) akisoma vitabu vya historia vya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, akatambua kwamba Piyadasi ndiye Ashoka. Jiwe lenye jina lenyewe, Ashoka, lilipatikana Maski mwaka 1915.

Ninalipenda zaidi jiwe la Junagadh, Gujarat, chini ya mlima Girnar, upande wa Kathiawar walikotoka mababu wa Wahindu wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Jiwe moja, wafalme watatu: Ashoka, Rudradaman wa karibu mwaka 150 B.K.; Skandagupta wa karne ya 5. Rudradaman anaeleza jinsi bwawa la Sudarshana lilivyopasuka kwa tufani akalijenga upya, na kwamba lilichimbwa na gavana wa Chandragupta Maurya, likaongezwa mifereji wakati wa Ashoka. Mtu asiyetunga Purana, anayezungumzia ukarabati wa bwawa, anawataja babu na mjukuu wa kwenye orodha. Kuanzia hapa kisanduku kimezungushiwa mstari mnene: kimeonekana kwenye jiwe.

Machi 27

Kipande kifupi, kwa kuwa kinajirudia. Wafalme wa baadaye walijishikiza kwenye matawi. Wachola wa kusini walijiita watoto wa Jua. Bamba za shaba za Tiruvalangadu, za enzi ya Rajendra wa Kwanza, zinaanzia kwa Manu na Ikshvaku kabla ya kuwafikia Wachola wenyewe. Wapandya jirani zao wakachukua Mwezi. Jadeja wa Kutch wanajihesabu kwa Yadu na Krishna, Sisodia wa Mewar kwa Rama. Aliyewahi kusoma jinsi masultani wa Kilwa walivyojifikisha Shiraz hatashangaa. Nimewaweka pembezoni kama ndege waliotua.

Aprili 2

Jaribio la kwanza limechapishwa kwenye karatasi. Makosa: "Dhritarashtra" imekatwa mara mbili na kuishia "Dhrita". Kijana wa duka la uchapishaji ameuliza kwa nini juu kuna rangi tupu, kama wino uliisha. Nimemsomea wimbo wa 129 kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa kama hata yeye hajui, nani alimwambia mwandishi?" Halafu akaniuliza kama nataka pindo la dhahabu.

Limebaki tawi moja kubwa, la Yadu, lenye kumfikia Krishna. Nilikuwa nimelitengea siku mbili. Jana usiku nimefungua Harivamsha, nyongeza ya Mahabharata, nipate majina ya Wavrishni, ukoo wa Krishna, nikamkuta Yadu mwingine: mwana wa Haryashva, mfalme wa uzao wa Ikshvaku, kwa Madhumati binti wa Madhu. Yadu wa Jua.

Nimeongeza mstari mpya kwenye jedwali. Mbegu: Haryashva. Shamba: bado.